Dawa ya Pilipili na Maji ya Mke Mwenzangu

Siku ya pilipili tulikuwa watu wanne katika chumba kile cha hospitali, hapa Garissa. Mimi nilikuwa nimelala chali, macho kwenye feni iliyozunguka kwa uvivu. Aliyenishika mkono ni binti wa mke mwenzangu. Ananiita eeddo, kama Wasomali wanavyomwita mke wa baba, na nilimbeba mgongoni akiwa mdogo ingawa tumbo lililomzaa si langu. Aliyesimama miguuni pangu ni nesi, msichana wa hapa mjini. Nyanya yake mzaa mama nilimwosha mimi siku alipofariki. Wa nne ni daktari, mwanamume wa kutoka Kenya, ndivyo tunavyosema sisi wazee wa huku tukimaanisha mtu wa upande wa Nairobi, utadhani sisi tuko nchi nyingine. Alikaa nyuma ya pazia kwa heshima yangu, akawa sauti tu.

Mke mwenzangu hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Galbet, kitandani, hata kugeuka ubavu hawezi bila kusaidiwa. Lakini kila nikikikumbuka chumba kile namwona amesimama mlangoni na shuka yake begani, ananitazama kama mtu aliyenituma dukani akaona nachelewa. Mhesabuni au msimhesabu, ni juu yenu.

Majina ya wote ninayo. Sisi tunafundishwa kuhesabu baba na babu mpaka wale wa zamani kabisa kabla hatujajua kuhesabu mbuzi, na kichwa changu bado hakijapoteza hata mmoja. Ningeweza kuwatajia nesi yule ni binti wa nani, mjukuu wa nani, wa ukoo upi. Sitaji, kwa sababu habari hii ni ya mkojo na ya maiti, na katika mambo hayo mawili kila mtu ana haki ya kufunikwa. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika, darasa la watu wazima, tayari nikiwa na wajukuu. Kisomali changu ni cha mdomoni.

Sasa nianzie mahali pa kuanzia.

Nililetwa Garissa kutoka Lafey nikiwa msichana, mke wa pili wa mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akienda na kurudi Liboi. Mke mkubwa alinipokea kwa chai na kimya. Chai ilikwisha, kimya kikabaki. Mvua zilikuja zikaenda hajaniita kwa jina. Siku moja jirani alifariki akijifungua, na mwanamke aliyezoea kuosha maiti alikuwa safarini. Mke mkubwa akaja mlangoni pangu.

"Wewe wa Lafey. Unaogopa maiti?"

"Nakuogopa wewe zaidi."

Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake. Akanipa ndoo, tukaenda.

Kwa hiyo kazi hiyo alinifundisha yeye, na tuliifanya pamoja miaka mingi kuliko ile tuliyokaa na mume. Alinifundisha kuanza upande wa kulia. Alinifundisha kuponda majani makavu ya mkunazi, qasil kwetu, mpaka yatoe povu, na kutia kafuri katika maji ya mwisho. Alinionyesha namna ya kusuka nywele za marehemu mikia mitatu na kuilaza nyuma. Na alinifundisha jambo ambalo watu wasioosha hawalijui: tumbo la maiti linabonyezwa polepole, kwa huruma, ili kilichobaki ndani kitoke. Mara nyingi ni mkojo. Anayeosha anafuta haraka, chini ya shuka, kabla hata mwenzake hajaona. Ukitoka pale mdomo wako umefungwa. Hukuona kovu, hukuona uchafu, hukuona chochote.

Mume alipofariki tukabaki wajane wawili katika boma moja, na hakuna aliyetuuliza kwa nini hatutengani. Jioni moja tukichagua mchele akasema, "Abaayo, dada yangu, nikitangulia, unioshe wewe. Ukitangulia, nitakuosha mimi. Asituguse mgeni." Nikasema, "Wallahi." Akasema, "Usiape haraka hivyo, wewe huwa unasahau chumvi." Lakini nilikuwa nimekwisha kuapa.

Halafu kibofu changu kikaharibika.

Kilianza kama mzaha. Nikisikia haja, nikisema nimalizie kwanza kukunja nguo, haja inakuja kama mbwa aliyekatika kamba. Baadaye ikawa sauti. Sauti ya maji ndiyo ilikuwa adui yangu. Mtu akimimina maji kwenye beseni chumba cha pili, mimi huku nimelowa. Mkokoteni wa punda ukipita njiani na madumu yanacheza, nimelowa. Nikaanza kukunja vitambaa na kuvivaa, na kujipaka manukato kama bibi harusi. Safari ya sokoni niliipima kwa vyoo: duka la yule wana choo, msikiti ule wana choo cha wanawake, baada ya hapo hakuna.

Fikirini basi kazi yangu ilikuwa nini. Kazi yangu ilikuwa kusimama katika sauti ya maji.

Mara ya mwisho nilipoosha ilikuwa kwa mwanamke mmoja muuza nguo, jirani wa mtaa wa pili. Tulikuwa tumemaliza upande wake wa kulia. Mmiminaji akainua dumu, maji yakatoa ile sauti, na kibofu changu kikapiga kelele. Nilitoka mbio, mikono bado ina povu la qasil. Nilipojisafisha na kurudi nilikuta wenzangu wamemaliza, wanamfunga sanda. Hakuna aliyenilaumu. Lakini toka siku ile nikiitwa nasema goti linauma.

Mke mwenzangu wakati huo alikuwa ameshaanguka, nusu ya mwili haina nguvu, lakini ulimi ulikuwa na nguvu kuliko zamani. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akatazama mkeka ulio mbele ya kitanda chake.

"Zunguka," akaniambia. "Utamkanyaga."

"Nani?"

Akamtaja yule muuza nguo. Jina lake na la baba yake. "Amekaa hapo tangu alfajiri. Upande mmoja umelowa, upande mwingine mkavu."

Niliuweka uji chini. Nilizunguka mkeka. Hata leo nikiingia chumba kile nazunguka, ingawa mkeka wenyewe ulikwisha tupwa.

Si mara moja. Alikuja tena, na akaja na wengine. Mke mwenzangu alikuwa ananisimulia kama mtu anavyosimulia wageni wa mchana: leo alikuja fulani, yule mrefu wa kule mtoni, leo alikuja bibi wa mwalimu. Wote tuliwaosha sisi. Nilipomuuliza wanataka nini, alinitazama kama anayemtazama mjinga.

"Wanauliza kwa nini siku hizi huji."

Mimi sikuwaona. Lakini nilikuwa nasikia harufu ya kafuri kwenye ushungi wangu mpya, uliotoka dukani wiki ile ile. Na siku moja, adhuhuri, jua kali, binti wa mwenzangu alinikuta nimesimama uani sisogei. Akauliza kuna nini. Nilikuwa nimesikia dumu likiinuliwa na maji yakimiminwa, na uani hapakuwa na maji wala mtu. Nilikuwa nimelowa mpaka viatuni.

Nikamwambia mke mwenzangu ukweli. Nilimwambia sina hakika nitaweza kumwosha. Kwamba naogopa kumtia najisi mtu anayekwenda kwa Mola wake.

Akasema, "Umewafuta wanawake wa Garissa yote mkojo wao wa mwisho, na unaona haya ya wa kwako?"

"Wao wamekufa, abaayo. Hawana lawama."

"Basi katafute dawa. Mimi nitakusubiri. Lakini usikae sana, wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda hospitali. Watu wa umri wangu hawaendi hospitali kwa mkojo, wanasema ni uzee na kukaa kimya. Mimi nilikuwa na mtu ananisubiri.

Daktari alianza na vidonge. Vilinikausha mdomo mpaka nikawa nashindwa kumeza tende, na katika joto la Garissa mdomo mkavu si jambo la mchezo. Kichwa nacho kikawa na ukungu. Siku moja nilihesabu mababu zangu nikaruka mmoja, nikalia. Nikavirudisha. Ndipo daktari akasema iko dawa nyingine, si nyingi, si hospitali zote wanaitumia, imetokana na pilipili. Ataiagiza Nairobi. Inapitishwa kwa mpira mpaka ndani ya kibofu, inakaa kidogo, inatolewa.

"Pilipili hii ya kula?" nikamuuliza.

"Ule ukali wake, mama. Umetolewa peke yake, umepimwa."

Mimi nikasikia pilipili. Kupimwa sikukusikia.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia jirani yangu muuza maziwa ya ngamia, mwanamke ambaye kwake hakuna jambo la kusubiri kesho. Akapiga makofi, na ulimi wake, kama wa Wasomali wengi, hauna "p".

"Kama ni bilibili, bilibili tunayo! Ungoje Nairobi kwa nini, Nairobi wanalima bilibili tamu kuliko yetu?"

"Amesema inapita kwa mpira."

"Mpira wa nini? Moshi haujui njia?"

Mnaojua wanawake wa Kisomali mnajua chetezo. Tunatia makaa, tunatia uunsi, ule ubani wetu wenye sukari na mafuta mazuri, kisha mwanamke anasimama juu yake, miguu huku na huku, nguo imefunika pande zote, na moshi unapanda unatia harufu mwilini. Mama zetu walifanya hivyo, na dawa nyingi tunazipitisha njia hiyo hiyo. Kwa hiyo jirani hakuona ajabu yoyote. Akaleta pilipili kavu kiganja kizima, akazimwaga juu ya makaa, na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikasimama juu yake.

Ya Rabbi. Sitasema nilichosikia huko chini. Nilichoona ni hiki: jirani alikohoa akaanguka mlangoni. Mbuzi wakakata kamba. Moshi ukavuka ua, watu wa nyumba ya pili wakaanza kupiga chafya, na kwa kuwa kila mtu wa huku anajua pilipili hufukizwa kumtoa jini, mzee mmoja akaja mbio na msahafu, anasoma kwa sauti getini, "Mtokeni! Mtokeni!" Mimi natoka, kweli, lakini naelekea kwenye pipa la maji.

Kutoka ndani ya nyumba nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoanguka. Mke mwenzangu alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka, na mimi sijui yalikuwa ya moshi au ya kicheko.

"Wamekimbia," akaniambia, akionyesha mahali pa mkeka. "Wote. Umewakimbiza na chetezo chako."

Wakarudi siku iliyofuata.

Daktari hakucheka. Nesi alipomweleza, alisema nyuma ya pazia, "Mama, ile ingeweza kukuunguza vibaya sana. Ahidi hutafanya tena." Nikaahidi. Akaahirisha dawa mpaka ngozi ipone, na mimi kila siku ya kuahirisha nilikuwa nikiitazama sura ya mwenzangu inavyozidi kuchongoka.

Daktari alinieleza vizuri mara ile. Alisema ndani ya kibofu kuna mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kutoa habari kuwa kimejaa. Yangu inatoa habari ya uongo, kikombe kimoja inasema pipa. Nikamwambia kule Lafey nilikozaliwa, mbuzi wakinusa maji ya kisima wanalia kama wanachinjwa, hata yule aliyekunywa jana.

"Basi mama, hao mbuzi wamo ndani yako," akasema. "Pilipili inawafanya walie kwa pamoja, kwa nguvu sana, mpaka sauti inawakauka. Wakinyamaza, unapumzika miezi kadhaa. Huenda zaidi, huenda pungufu. Na kuna wengine haiwasaidii, sitakudanganya."

"Na wakati wanalia?"

"Utaungua. Na siku za kwanza mkojo utazidi, hautapungua. Yaweza kuwa wiki moja, yaweza kuwa mbili."

Akaniambia pia kuwa ukali ule umeyeyushwa katika spiriti, kwa kuwa aliona mimi ni mtu wa swala na hakutaka nije nisikie kwa wengine. Nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Nilikaa nyuma ya mlango nikamuuliza mambo mawili. La kwanza, spiriti. Akasema dawa ya lazima, isiyopita mdomoni wala kulevya, haina neno. La pili nililisema kwa sauti ndogo. Akasema, "Mama yangu, mwenye ugonjwa wa kutokwa na mkojo anatawadha kila wakati wa swala unapoingia, anajifunga kitambaa, anaswali. Mola anajua alivyokuumba." Nikasema, na kuosha maiti? Akasema, "Na kuosha maiti. Jisafishe, jifunge, ukaoshe."

Alijibu vizuri. Moyo wangu ndio haukumsikiliza. Sheria ilikuwa imenifungulia mlango, lakini muuza nguo alikuwa bado amekaa mkekani.

Basi ikaja siku ya pilipili, ile niliyoanza nayo. Kuingiza mpira kwa mwanamke wa kizazi changu si kazi rahisi. Sisi tulikatwa na kushonwa tukiwa watoto, na kila anayetufungulia njia lazima awe na subira. Nesi alikuwa nayo. Alinisemesha Kisomali muda wote, akiniita bibi, ayeeyo hivi, ayeeyo vile, mpaka mpira ukapita. Wakatia kwanza dawa ya ganzi. Kisha daktari akasema nyuma ya pazia, "Sasa." Na ile dawa ikaingia.

Mwanzo ilikuwa baridi. Nikafikiri, ndiyo hii tu? Halafu ikawaka. Haikuwaka kama moto wa nje, ambao unaukimbia. Huu ulikuwa umekaa ndani yangu na mlango umefungwa. Nilimkaza binti mkono mpaka akasema, "Eeddo, utanivunja." Nikasoma nilichokijua. Nikawasikia mbuzi wote wa Lafey.

Na hapo, nawaambieni jinsi nilivyoona, nikawaona wanawake. Si mkekani sasa. Walikuwa wamesimama kuzunguka kitanda kile, kwa utaratibu, kama sisi tunavyosimama kumzunguka maiti. Muuza nguo alikuwa upande wangu wa kushoto. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mwenzangu alivyosema, nywele zimelowa nusu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja zamu yake.

"Imekwisha, ayeeyo," nesi akasema. Wakaitoa, wakaosha kibofu kwa maji safi. Nikafungua macho. Tulikuwa wanne.

Siku zilizofuata zilikuwa kama daktari alivyosema, na mbaya zaidi. Kila tone lilikuwa pilipili. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Nililala sakafuni katika chumba cha mke mwenzangu, vitambaa chini yangu, tukawa wagonjwa wawili, mmoja juu, mmoja chini.

"Wamenyamaza?" alikuwa akiuliza kila asubuhi, maana nilimsimulia habari ya mbuzi.

"Bado."

"Waambie waharakishe."

Alikuwa ameacha kula. Akinywa maji ni kwa kijiko, na nusu yanarudi. Siku moja aliniuliza kwa sauti nyembamba kama wametoka. Nikafikiri anasema mbuzi. "Hapana," akasema, "hawa." Akaangaza macho chumba kizima. "Wamejaa leo. Hakuna hata pa kuweka mguu."

Alifariki asubuhi yenye jua, baada ya watu kuchota maji, wakati muuza maziwa anapita na galoni zake. Binti yake alikuwa amemshika kichwa akimtamkia shahada. Mimi nilikuwa chini pale pale, nimejikunja, na moto bado haujazimika. Wiki ya kwanza haikuwa imeisha vizuri.

Wanawake wakaja. Mmoja akasema, kwa upole, "Mama, wewe pumzika. Tumemwita mwoshaji wa mtaa wa pili." Mwoshaji mwenyewe, mwanamke mzuri tu, akaingia na mfuko wake wa sanda na pamba.

Nikainuka. Sijui nilivyoinuka. Nikasema, "Asimguse mgeni."

"Eeddo," binti yake akaninong'oneza, "unaweza?"

"Siwezi. Nipe maji nijisafishe."

Nikatawadha, nikajifunga kitambaa juu ya kitambaa, nikavaa nguo safi. Tukamlaza uani, kwenye kitanda cha kamba, shuka zimezungushwa pande zote na kufungwa kwenye mwarobaini. Tulikuwa watatu ndani ya shuka zile: mimi, binti yake, na muuza maziwa. Mwoshaji wa mtaa wa pili alikubali kukaa nje atupitishie maji.

Nikaanza na kulia. Mikono ilijua yenyewe. Alikuwa mwepesi kama mtoto, na upande ule uliokufa kabla yake ulikuwa baridi zaidi ya mwingine. Maji yakamiminwa, na ile sauti ikaja, na mbuzi wote wakanyanyua vichwa. Nikakaza. Nikasema moyoni, abaayo, subiri, subiri. Tukamaliza kulia. Tukaingia kushoto. Hapo nililia, sifichi, maana nilikuwa nimefika mahali ambapo mara ile ya mwisho sikufika.

Kisha nikaweka kiganja juu ya tumbo lake, nikabonyeza polepole kama alivyonifundisha. Kikatoka kidogo kilichobaki. Na saa ile ile, kama kwamba tumefungwa kamba moja, mimi nami ikanitoka. Ilipita vitambaa vyote, ya moto, ikateremka miguuni. Mkono mmoja ulikuwa unamfuta yeye na sikuwa na mkono wa kujifuta mimi. Nikasubiri waone. Nikasubiri tone lifike kwenye kitanda chake.

Maji yakanimwagikia. Kutoka nyuma, kuanzia kiunoni, kwa utulivu, maji mengi yakanishukia miguu yote miwili mpaka chini, yakabeba kila kitu kwenda kwenye mchanga. Kitanda hakikuguswa. Aliyemimina alimimina kama anayejua kazi: hakurusha, hakutikisa, hakuniuliza. Na mimi sikugeuka, kwa kuwa mwoshaji hageuki, mdomo wake umefungwa na macho yake yako kwa aliye mbele yake. Niliendelea. Maji ya pili, maji ya kafuri, nywele mikia mitatu. Tukamvika sanda. Wanaume wakambeba baada ya swala ya adhuhuri.

Kabla mwezi haujaisha moto ulizimika, na mbuzi wakanyamaza kama daktari alivyotaraji. Sasa nasikia maji yakimiminwa na yanakuwa maji tu. Naswali tarawehe nimesimama. Nimeanza kuitwa tena kwenye kazi, na nakwenda. Hakuna anayekaa mkekani, wala kafuri kwenye ushungi. Nyumba imekuwa kimya mno, na kimya hicho sijakizoea.

Lakini jambo moja linanikaa. Nilimshukuru binti wa mwenzangu kwa kunisitiri na maji yale. Akashangaa. "Eeddo, mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mama, mikono yote miwili." Nikamwendea muuza maziwa. Akasema yeye wakati tumbo linabonyezwa alikuwa ametoa mkono nje ya shuka kupokea kafuri. Na mwoshaji wa mtaa wa pili anaapa hakuingia hata hatua moja. Kazi yake ilikuwa kujaza madumu.

Mimi ni mzee, na siku ile nilikuwa nawaka ndani. Huenda nimechanganya nani alikuwa wapi. Huenda kulikuwa na mwanamke wa nne ambaye kichwa changu, kisichopoteza majina, kimempoteza huyo peke yake. Kwa hiyo nyinyi wanawake mliokuwa nje ya shuka asubuhi ile, na mkasoma haya, mimi nakaa pale pale Galbet. Kama kuna mmoja wenu aliyeingia akanimiminia, aje aniambie nimekosea. Nitafurahi kusahihishwa.